Sale la Meneja Eliamini

Refa hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, na watu wa Dar hawawezi kukaa karibu na mtu wakanyamaza. Wakikosa la kusema watauliza hata afya ya mbuzi wenu. Alikuwa amechezesha mechi ya kikapu Moshi, akaomba lifti hadi Arusha kwenye lori la kiwanda pamoja na timu, na lori lilipofika Maji ya Chai likasimama kama kawaida yake ili wasichana wanunue ndizi na karoti za kupeleka nyumbani. Agnela hakushuka. Alikaa kwenye ubao wa nyuma, miguu yake mirefu inaning'inia, anakula parachichi. Refa akamsogelea.

"Kumbe goti limepona kabisa," akasema. "Leo umeruka kweli."

"Goti gani?"

"Lile lililokuzuia kuja kambini mwaka jana. Tulisikitika, jamani. Makocha wa timu ya taifa walikuwa wanakusubiri wewe tu."

Agnela hakuwahi kuumwa goti tangu azaliwe. Aliumwa malaria, aliumwa jino, lakini goti, hapana. Alilitupa kokwa la parachichi barabarani, akajaribu kukumbuka vizuri. Mwaka jana wateuzi walikuja Arusha, wakatazama mechi, wakaondoka. Baadaye meneja wa timu, Eliamini, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamfungulia soda na kumwambia kwa upole, "Hawakukutaja, binti yangu. Usivunjike moyo." Na moyo ukavunjika. Alilia nyumbani kwao Lemara mpaka mama yake akaacha kumbembeleza, na alipomaliza kulia akajifunza kuishi na ile habari: kwamba yeye ni nyota, sawa, lakini nyota ya hapa hapa, ya kuwatambia watu wa Moshi na Babati. Mwaka mzima alicheza akiamini hivyo.

Eliamini alikuwa anarudi kwenye lori na mkungu wa ndizi begani.

"Meneja," Agnela alimwita bila kushuka, "mimi nilikuwa naumwa goti?"

Eliamini alimtazama refa. Refa akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Tutaongea ofisini," meneja alisema.

"Tuongee hapa hapa."

"Agnela, ungekwenda Dar usingerudi. Nani anakwenda Dar akarudi?"

Huko ndiko kukiri kwake. Wasichana wote walisikia, na kutoka hapo hadi mjini hakuna aliyeimba, ingawa walikuwa wameshinda.

Sasa, Eliamini hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya si kazi, unamkwepa tu. Huyu alikuwa ofisa utumishi wa kiwanda cha Themi Bati, Mchagga wa Machame, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye koti moja la suti alilolivaa mvua na jua. Timu aliianzisha yeye. Mistari ya uwanja wa saruji, pale ndani ya geti la kiwanda, aliichora kwa chokaa kwa mkono wake. Ni yeye aliyemwona Agnela akiwa sekondari, akampa ajira ya ukarani wa stoo, maana enzi hizo mchezaji hakulipwa kwa kucheza. Alipewa kazi, asubuhi akapokea ndoo na makarai, jioni akacheza. Alimpenda Agnela. Ndiyo shida yenyewe: alimpenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa maziwa, kwa dhati na kwa kamba.

Na kamba ilikuwa inakaribia kufunguka yenyewe. Miaka ile kila kitu kilikuwa huria. Soko huria, magazeti huria, vyama vya siasa vimefumuka hata mtu hajui amsalimie nani kwa ishara gani. Serikali ilikuwa inauza viwanda vyake, na Themi Bati kilikuwa kimeshapata mnunuzi, mwekezaji aliyekuja mara mbili na miwani myeusi, akakagua mitambo, kisha akauliza hii timu ni ya nini. Huria hiyo ilikuwa imefika hadi kwenye mpira wa kikapu. Zamani mchezaji wa kiwanda alikuwa wa kiwanda, basi. Kuhama ilibidi uombe barua ya kuachiwa, na barua hiyo ilikuwa inakaa kwenye droo ya meneja mpaka uzeeke. Sasa chama cha kikapu kilikuwa kimekubali kwamba mkataba ukiisha mchezaji ni huru, anakwenda anakotaka, haombi ruhusa kwa mtu. Mkataba wa Agnela ulikuwa unakwisha msimu ule.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili tu. Aongeze mkataba, abaki Themi Bati na ajira yake, na unahodha ambao Eliamini alikuwa ameuahidi. Au auache uishe, awe mchezaji huru, asubiri nani atamwita. Klabu za Dar zilikuwa zimeulizia. Nairobi nako kulikuwa na watu waliosema wangependa kumwona. Kuulizia na kupenda kuona ni mambo mazuri, ila hayajazi sufuria.

Nyumbani Lemara mjadala ulikuwa umeshaanza kabla hata ya habari ya goti. Baba yake, mzee Stanley, alikuwa fundi wa mashine za kukobolea kahawa mpaka alipostaafu, na pensheni yake, ndogo ilivyo, ilikuwa inakuja.

"Kiwanda ni kiwanda," alisema. "Kikiuzwa kinabaki pale pale, mabati hayatembei. Kila mwajiriwa atahamia kwa tajiri mpya. Wewe unataka kuacha kazi uende kuruka ruka mjini kwa ahadi za simu? Leo unaruka. Magoti hayasaini mkataba na mtu."

Mama yake, Fransiska, alikuwa na meza ya mitumba Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na alikuwa ameshajua mambo ya soko kuliko mawaziri waliolileta.

"Baba Agnela, koti zuri likitoka kwenye belo silifichi chini ya meza kwa ajili ya mteja mmoja," alisema. "Nalitundika. Wanaopita wote walione, waligombanie. Nikishamwekea mtu mmoja, wengine hata bei hawaulizi."

"Na likinyeshewa?"

"Litakauka."

"Mwanangu si koti, Mama Agnela."

"Ndiyo nakuambia. Usimtundike kwenye msumari mmoja."

Hivyo ndivyo walivyokuwa, miaka yote ya ndoa yao, na Agnela katikati akila. Ukweli ni kwamba alikuwa anakubaliana na yule aliyesema mwisho. Akimsikiliza baba anaona stoo yake, funguo zake, jina lake ubaoni. Akimsikiliza mama anaona uwanja wenye taa. Lakini baada ya Maji ya Chai hakuhitaji tena kusikiliza. Hasira ilikuwa imemwamulia. Eliamini alipotuma mkataba mpya stoo, Agnela aliuacha juu ya rundo la makarai mpaka ukaingia madoa ya kutu kwenye kona, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Kwa yule mtu? Sisaini." Jibu fupi, tamu, halina maswali. Alilala vizuri kuliko alivyolala mwaka mzima.

Aliyemvuruga kidogo ni Nosim. Nosim alikuwa msichana wa Kiarusha kutoka Oldonyosambu, kazi yake ilikuwa kupaka rangi ndoo, na uwanjani ndiye aliyeongoza mpira, anayeupandisha mbele na kuwagawia wenzake. Agnela, kwa sababu ya urefu wake, aliwekwa chini ya kikapu na Eliamini siku ya kwanza kabisa, na pale pale akabaki. Mtu mrefu hukaa chini ya kikapu, meneja aliamini hivyo kama alivyoamini Katekisimu. Jioni watu wakiondoka, Agnela alikuwa anabaki peke yake kudunda mpira toka mwisho huu hadi mwisho ule, akiwapigia pasi watu ambao hawapo. Hakuwahi kuomba ile nafasi. Ilikuwa ya Nosim, na Nosim alikuwa rafiki yake.

"Mimi nataka ubaki," Nosim alimwambia, wamekaa kwenye ngazi za stoo. "Sikuambii kwa faida yako. Ni kwa faida yangu. Tajiri mpya amesema ataibakiza timu kama wewe upo, maana anataka picha yako kwenye kalenda yake. Usipokuwepo, timu hakuna. Timu ikifa, sisi wengine kazi hizi tulipewa kwa ajili ya mpira. Mimi nitarudi kwa baba nikachunge mbuzi kama mtu ambaye hakusoma."

"Na Eliamini je? Unajua alichonifanyia."

"Alichofanya ni kibaya. Mimi naongea habari za mbuzi."

Walicheka wote wawili. Lakini Agnela alipofika nyumbani ilibidi aitafute hasira yake tena, na akaipata, maana ilikuwa bado mbichi.

Jumapili moja, baada ya misa, Eliamini alikuja Lemara kwa miguu.

Hakupiga hodi. Alisimama uani mbele ya mlango, koti lake limefungwa vifungo vyote, ameshika kwa mikono miwili jani refu la kijani lililofungwa fundo. Fransiska aliyekuwa anapepeta mchele ndiye aliyemwona kwanza. Aliweka ungo chini polepole.

"Baba Agnela," aliita. "Njoo. Kuna sale."

Mtu asiye Mchagga ataona jani tu, tena jani la kawaida, linaota kwenye mipaka ya kila kihamba, shamba la migomba la ukoo, kule mlimani Kilimanjaro. Lakini likifungwa fundo na kuletwa na mtu aliyekosa kwa mtu aliyemkosea, limeshakuwa jambo jingine. Sale halirudishwi. Unaweza kuwa umechomewa nyumba, umeuliwa ndugu. Sale likija unapokea, na ukishapokea umesamehe, na ukishasamehe huligusi tena lile jambo, si kwa ulevi wala kwa utani. Wapo waliowahi kukataa. Kila ukoo una habari za mmoja wao, na hakuna habari hata moja inayoisha vizuri. Mzee Stanley alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, na hakuona ugomvi wowote kati ya rozari na sale. Padri wake alikuwa Mchagga wa Uru, naye analijua.

"Mmachame analeta sale kwa Mkibosho," alisema mzee Stanley mlangoni, na hakuweza kuficha kwamba amefurahi. "Babu zangu wangefufuka kuja kuona."

"Nao wangu wangenifunga kamba nisije," Eliamini alijibu. Hakutabasamu. "Shikamoo, mzee Stanley."

"Marahaba. Umelichuma wapi?"

"Nyumbani Machame, kihambani kwa baba. Nililala huko."

Hilo lilimwingia mzee. Masale yapo hata mjini, kwenye ua wa yeyote. Mvivu angevunja la jirani. Mzee aligeuka akaita ndani, "Agnela!", lakini Agnela alikuwa ameshasimama nyuma yake.

Alichotaka kukifanya ni kumpita, atoke getini, aende popote. Alisema moyoni kwamba huu ni uhuni. Mtu anakuibia mwaka wa maisha yako, kisha anaenda kuvunja jani, na sasa wewe ndiye unayebanwa. Alikuwa amekasirika hadi masikio yanawaka.

"Sema ulichofanya," baba yake alimwambia Eliamini. Ndivyo ilivyo. Sale haliletwi kwa kosa lililosemwa nusu.

Eliamini alisema. Wateuzi walipiga simu ofisini kwake kumwita Agnela kambini, akawajibu anaumwa goti. Akamwita Agnela, akamdanganya kwamba hawakumtaja. Hapo angeweza kuishia, maana hayo ndiyo yaliyojulikana.

"Walipiga tena," aliendelea. "Kambi ilikuwa imeshaanza. Walisema hata kama goti halijapona aje, daktari wao atamtazama. Nikawaambia yeye mwenyewe amekataa. Nikawaambia amesema hana haja na timu ya taifa. Ndiyo maana mwaka huu hawakupiga."

Fransiska alishika kinywa. Agnela alihisi machozi yanakuja na akayachukia. Kwa hiyo huko Dar, mwaka mzima, walikuwa wanajua kwamba kuna binti Arusha anayejiona. Na huyu hapa, mzee wa kanisa, anasema hayo kwa sauti ile ile anayosomea matangazo.

"Sina la kujitetea," Eliamini alisema. "Niliogopa. Nimekukosea, nimewakosea wazazi wako. Naomba mnisamehe." Akanyoosha mikono.

Agnela alilitazama jani. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba hawezi kulikataa, na alikuwa na hasira ya kutosha kutaka, na hayo mawili yalishindana mwilini mwake mbele ya wazazi wake kwa muda ambao kila mmoja aliuona mrefu. Kisha akanyoosha mikono akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema.

Kilichofuata hakukitegemea. Kwa desturi ni lazima mle pamoja, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekosewa, ni yeye aliyempakulia mgeni mtori wa ndizi. Akampa bakuli mkononi. Eliamini akala kwa hofu kama anakula ugenini kwa wakwe, akaungua ulimi, akajaribu kulificha hilo, na Fransiska akaangua kicheko. Mzee Stanley akatoa pombe ya mbege, Mlutheri akasema yeye hanywi, kisha akanywa. Wakazungumza habari za migomba iliyougua. Katikati ya hayo Agnela alijikagua, kama mtu anayeugusa kwa ulimi ufizi ambao jino lake limeng'olewa, akakuta hasira haipo. Si kwamba imepungua. Haipo. Na badala ya kufurahi, aliogopa.

Mzee Stanley aliweka kata chini. "Basi," alisema kwa raha. "Mambo yamekwisha. Meneja, umekuja na ile karatasi? Toa, mtoto asaini, tufunge kazi siku moja."

Eliamini alisita. Hebu tumpe haki yake, alisita. Lakini mkataba ulikuwa ndani ya koti, umekunjwa vizuri, pamoja na kalamu.

"Sikuja kwa ajili hiyo, mzee."

"Lakini unayo."

"Ninayo."

Karatasi ikawekwa mezani kati ya mabakuli. Wazee wawili wakamtazama Agnela kwa upendo. Kwao lilikuwa jambo moja: mmekosana, amekuja na sale, mmepatana, na waliopatana wanarudi kama walivyokuwa. Kwa nini mtu aondoke alikosamehe?

Fransiska peke yake hakutazama. Alikuwa anakusanya vijiko.

Agnela alichukua kalamu. Alikuwa amezoea kusema "sisaini kwa yule mtu", na sasa yule mtu hayupo. Yupo tu Eliamini, ana mtori kwenye sharubu. Aliitafuta sababu nyingine, na kila aliyoiokota ilikuwa ya mtu mwingine. Koti lilikuwa la mama. Pensheni ilikuwa ya baba. Mbuzi walikuwa wa Nosim. Haki ya Mungu, angesaini. Alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Meneja," aliuliza, kwa kuchelewesha tu, "wale waliopiga simu, walinitaka nikacheze nafasi gani?"

Eliamini angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua. Lakini sale humfunga hata aliyelileta.

"Kuongoza mpira," alisema. "Walisema anayekuweka chini ya kikapu ni mpumbavu."

Agnela alicheka, kisha akaiweka kalamu juu ya karatasi.

"Sisaini," alisema.

"Agnela!" Mzee Stanley aliinuka nusu. "Umepokea sale mbele yangu!"

"Nimelipokea, baba. Nimemsamehe, kweli kabisa. Sisaini."

"Kama bado una kinyongo na mimi, kiseme," Eliamini alisema. "Afadhali useme."

"Sina."

"Basi kwa nini?"

"Nataka kwenda. Nataka kuongoza mpira."

"Hata timu inayokutaka huijui bado."

"Siijui."

Meneja aliichukua kalamu yake, akaitazama. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale mezani. Mtu aliyeachwa kwa kosa lake ana pa kushika. Atasema nilikosa, nikaadhibiwa. Huyu alikuwa amesamehewa na kulishwa na bado anaachwa, na hata kukasirika haruhusiwi, kwa kuwa sale ni lake.

"Watu kiwandani watauliza," alisema. "Tajiri atauliza. Nilikuwa nitawaambia ni kosa langu. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie nimetaka kwenda."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, meneja."

Eliamini aliaga vizuri. Alimshika Agnela mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru Fransiska kwa mtori, akaondoka akiwa na mkataba ndani ya koti. Mzee Stanley hakumsemesha binti yake siku ile wala kesho yake. Fransiska ndiye aliyesema, na alichosema ni kwamba vyombo haviwezi kujiosha.

Agnela alikwenda kiwandani kukabidhi funguo za stoo na jezi. Hakuna klabu iliyokuwa imepiga simu. Alitaka kuingia na kutoka kabla ya zamu ya rangi kupumzika, lakini Nosim alikuwa uwanjani peke yake, anadunda mpira, mikono ina rangi ya bluu hadi viwikoni. Alimwona Agnela na hakuacha kudunda.

"Umesikia," Agnela alisema.

"Kiwanda kizima kimesikia."

"Nisamehe, Nosim."

Nosim aliushika mpira. "Kwa lipi?"

Agnela alilitafuta kosa lake. Hakumdanganya. Hakumwibia. Hakumsengenya hata siku moja.

"Kwa kuondoka," alisema mwishowe.

"Kuondoka ni kosa?"

"Hapana."

"Basi nisamehe nini?" Sauti ya Nosim ilikuwa imeanza kukatika, na yeye hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. "Bora ungenikosea. Eliamini alikukosea, akaja, mkala, mkayamaliza. Sisi tutayamaliza vipi?"

Agnela alisubiri jibu lije, akiwa ameshika jezi kifuani, na Nosim naye akasubiri, kwa haki kabisa, kama mtu aliyeuliza swali na anataka kujua. Kengele ya zamu ikalia. Nosim akajifuta uso kwa bega, akaubana mpira kwapani na kurudi kwenye ndoo zake.

Agnela akaiacha jezi kwenye kiti cha mlinzi, akatoka getini.